Scrabble ya Kiingereza: nijifunze maneno marefu yapi?

Mpenda Maneno:
Wanajamvi, habari za jioni. Kila Jumamosi tunacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa kete za herufi zenye alama, nyumbani kwa kaka yangu, nami kwa miezi kadhaa nimekuwa nikikariri maneno marefu pamoja na maana zake. Ninalolipenda zaidi ni antidisestablishmentarianism, lenye herufi 28, ambalo ni msimamo wa waliopinga Kanisa la Uingereza kuvuliwa hadhi ya kuwa kanisa la dola. Pamoja na juhudi hizo zote, shemeji yangu hunishinda karibu kila wiki. Naomba mnielekeze ni maneno marefu yapi yamfaayo mchezaji, na kama kuna faida yoyote ya kujua maana.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, ubao una miraba 15 kwa 15, kwa hiyo neno lako hilo halina pa kukaa. Urefu wenye faida ni wa herufi 7 au 8, kwa sababu anayezitumia kete zake zote 7 kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50. Anza na herufi zinazotoka mara kwa mara. Ukiwa na A, E, I, N, R, S na T, huenda ukaona train ukaridhika na alama zake 5, ilhali kete hizo hizo zinatoa retains, yaani hubakiza. Nastier, yaani baya zaidi. Na retinas, yaani tando za ndani ya jicho zinazopokea mwanga. Lolote kati ya hayo lina alama 57 kabla hujahesabu miraba ya ubao inayozidisha alama.

Msomaji wa Kamusi:
Mashindanoni hakuna anayeulizwa maana. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali hazungumzi Kifaransa. Hata hivyo, kwetu sisi tunaojifunza lugha, naamini kwa dhati kwamba maana husaidia: ukijua kuwa cazique ni chifu wa wenyeji wa visiwa vya Karibi, utajua pia kuwa ni nomino na kwamba inapokea s. Caziques ndilo neno alilolipanga Karl Khoshnaw huko Manchester mwaka 1982 akapata alama 392. Herufi zake zina thamani ya 28. Q ikaangukia mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, zikawa 38. Neno likafika miraba miwili ya kuzidisha neno mara tatu, yaani mara tisa kwa jumla, zikawa 342, kisha zikaongezwa zile 50.

Mpenda Maneno:
Nawashukuru sana. Nimezitandaza zile kete saba mezani sasa hivi, nikapata neno la nne: stainer, yaani mtu apakaye mbao rangi. Je, linakubalika?

Mwalimu Mstaafu:
Linakubalika.