Nyie mafundi mapambo mnaoweka minyaa sebuleni kwa watu, mna akili kweli?

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu iko Mwanza, familia iko Dar, narudi kila mwisho wa mwezi. Safari hii mke wangu akataka nikute sebule imependeza. Akampata kijana mmoja mtandaoni anayepamba kwa matawi ya miti, anayapanga kwenye vyombo virefu vya kioo, picha zake ukiziona utadhani uko hotelini. Vyombo vitatu, laki na themanini.

Nafika Ijumaa usiku, pembeni ya tivii nakuta minyaa. MINYAA! Sisi tuliokulia Singida ndiyo uzio wa zizi ule. Bibi alikuwa anatucharaza kwa kuivunja tu, maana ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unaweza kukaa siku kadhaa huoni vizuri.

Nikaanza kufoka, mke wangu ananiambia punguza sauti, dada wa kazi amelala, jicho linamsumbua. Mchana alikuwa anafuta vumbi, kijiti kikavunjika, maziwa yakamrukia mkononi, naye akajifuta jasho. Wao wakadhani ni mchanga, wakamtilia dawa ya macho iliyokuwa kabatini! Nikamwosha kwa maji ya bomba kama dakika ishirini huku analia, tukakimbilia hospitali usiku huohuo. Ameanza kuona, ila akitoka nje mwanga unamchoma, anatembea na kanga usoni.

Nampigia fundi. "Kaka, ule ni mmea wa Kizungu, ndiyo fasheni sasa." Kizungu! Ziwa Manyara lenyewe inasemekana limepata jina kutokana na Wamasai kuutaja mmea huo, leo umekuwa wa Kizungu kwa sababu umechomekwa kwenye kokoto nyeupe? Nikamuuliza, ulipokata ulivaa glovu? "Ndiyo kaka, si unawasha." Kumbe anajua!

Bado. Chombo cha pili kina matawi ya mkungu, majani yameozea majini, harufu kama mfereji. Nainua kwenye taa, viluwiluwi vinajinyonganyonga. Dar hii iliyotandikwa na dengue 2014, ikarudi tena 2019, na mbu wake kazi yake ni kutaga kwenye vijimaji vya ndani kama hivyo. Kumwambia mteja amwage maji na asugue chombo, maana mayai yanaganda ukutani, hilo nalo lilimshinda. Hela alihesabu vizuri sana.

Nimemtaka arudishe pesa na alipie matibabu, amenifungia namba. Kuna aliyewahi kumbana fundi wa namna hii? Nianzie serikali ya mtaa au niende moja kwa moja polisi? Na hii minyaa mnanishauri niizike wapi, maana iko kwenye kiroba uani na watoto wa jirani hawaishi kupita hapo.