Naomba ushauri: marejea yangu yanarefuka tu, hayatoi maua

Habarini wapendwa, mie niko Tanga mjini, Chumbageni. Mwaka jana nilikuwa Muheza nikaokota mbegu za marejea porini, si mnayajua, yale ya maua ya njano yenye vimistari vya kahawia, maganda yakikauka ukiyatikisa yanalia kama kayamba, nayapenda toka utotoni kwa vile yanachanua masika imeshaisha na maua mengine yamechoka. Wakulima wanayapanda yarutubishe ardhi maana mizizi yake inaongeza naitrojeni, ila mie nayataka kwa maua hasa.

Sasa nimepanda mwezi wa 3 mvua zilivyoanza, yakaota vizuri, saa hizi yamenipita kimo lakini ua hata moja hamna, majani tu, na upepo wa bahari unayalaza. Je nilitakiwa kukata ncha yakiwa madogo ili yatoe matawi? Au samadi ilizidi, maana niliweka ndoo 2 kwenye tuta dogo? Halafu bibi jirani ana mbuzi, na marejea aina nyingine zina sumu kwa mifugo, nizungushie wavu? Aliyewahi kuyalea kwenye kichanga cha pwani aniambie alifanyaje jamani, sitaki kuyang'oa.