Bill Gates aling'atuka lini hasa, na hisa zinageukaje kuwa chanjo?

Mgeni Njoo: Wakuu, naombeni ufafanuzi. Kila nikisoma habari za Gates kung'atuka Microsoft ili ashughulikie misaada nakuta mwaka mwingine: 2000, 2006, 2008, 2014, 2020. Upi ndio wenyewe? Pili, utajiri wake ni hisa, si noti. Zinafikaje hadi kuwa chanjo? Na yale maneno ya vijiweni kwamba wakfu wake (taasisi yake ya misaada, Gates Foundation) ni kichaka cha kukwepea kodi, yana ukweli?

Karani wa Bodi: Miaka yote ni sahihi, ila kila mmoja alivua kofia tofauti. Januari 2000 alimwachia Steve Ballmer utendaji mkuu, akabaki mwenyekiti na msanifu mkuu wa programu. Juni 15, 2006 alitangaza kwamba ataondoka; usanifu ukaenda papo hapo kwa Ray Ozzie, mmoja wa vigogo wa Microsoft, mwenzake Craig Mundie akapangiwa utafiti na mikakati, kisha ikafuata miaka 2 ya makabidhiano. Kazi ya kila siku aliiacha mwishoni mwa Juni 2008. Ukitaka tarehe moja, shika hiyo. Uenyekiti aliuacha Februari 2014, siku Satya Nadella alipoteuliwa kuwa mtendaji mkuu, na ujumbe wa bodi Machi 2020.

Hesabu Kali: Kwenye hisa, siri ni kutoziuza kwanza. Chukua hisa iliyomgharimu mwenyewe senti chache na leo inauzwa dola 100. Akiiuza yeye, serikali kuu ya Marekani inakata 20% ya faida, na hapo karibu yote ni faida. Akiikabidhi kwa wakfu ikiwa nzima, wakfu unaiuza na kulipa 1.39% tu. Vilevile thamani yake ya soko inapunguza kipato chake kinachotozwa kodi, lakini mwisho ni 20% ya kipato cha mwaka, na ziada inabebwa kwenda miaka 5 inayofuata tu. Kwa anayetoa hisa za mabilioni, sehemu kubwa ya nafuu hiyo inamwagika.

Kichaka? Nusu nusu. Mali ikishaingia hairudi. Mtoaji haruhusiwi kuinunua wala kuikopa, hata kwa bei ya haki. Wakfu lazima utoe kila mwaka kama 5% ya thamani ya uwekezaji wake; usipotoa kwa wakati, adhabu ni 30% ya kiasi kilichobaki. Tundu lipo hapa: gharama halali za kuendesha misaada, mishahara ikiwemo, zinahesabiwa ndani ya hiyo 5%. Bilionea Warren Buffett alipouahidi wakfu wa Gates hisa za kampuni yake, Berkshire Hathaway, mwaka 2006 aliweka sharti kwamba zawadi yake ya mwaka itumike yote, juu ya ile 5%. Sharti kali, na zuri.

Nesi wa Zamu: Naongeza upande wa chanjo. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilitengenezwa na kampuni ya dawa ya GSK, na fedha za Gates ziliingia kupitia PATH, shirika la afya lisilo la faida. Majaribio ya mwisho yalifanyika vituo 11 vya Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, ukanda wa ziwa: mtoto anachomwa akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Vichupa huja viwili vimebanwa pamoja, kimoja cha unga na kingine cha kimiminika. Ukishachanganya una dozi 2 na saa 6 za kuzitumia, kinachobaki unatupa. Shida kubwa ni dozi ya 4. Mtoto wa miaka 2 hana tena sababu ya kupelekwa kliniki kila mara, basi wengi wanaikosa. Hapo dola haitoshi bila mtu wa kupita nyumba kwa nyumba.

Mgeni Njoo: Nimeelewa, asanteni. Na huo wakfu utadumu milele?

Hesabu Kali: Hapana. Mei 2025 Gates alitangaza kuwa utafungwa Desemba 31, 2045, baada ya kutumia takriban dola bilioni 200 nyingine.