Seti ya 7, kopa ya tatu imeshuka riva: nikoli au nitupe?

Batani_Saba

Wakuu, naomba mchango wenu kwenye mkono huu wa poka, Hold'em isiyo na kikomo (kila mtu ana karata mbili za siri, tano za wote hufunuliwa mezani). Blaindi (dau za lazima) 100/200, sisi wawili kila mmoja ana mtaji wa 40,000.

Niko batani (nafasi ya mwisho kucheza) na 7 ya shupaza na 7 ya uru. Naongeza hadi 600, anakoli (analipa kiasi hicho) wa blaindi kubwa peke yake. Poti (hela zilizo mezani) 1,300.

Flopu (karata tatu za kwanza mezani): K ya kopa, 9 ya kopa, 7 ya pau. Anacheki (anapita bila dau), nabeti 900, anakoli. Poti 3,100.
Karata ya nne: 2 ya shupaza. Anacheki, nabeti 2,300, anakoli. Poti 7,700.
Riva (karata ya tano na ya mwisho): 10 ya kopa. Anacheki, nabeti 4,000, anaongeza hadi 16,000.

Jamaa ni mtu wa kukoli. Kuongeza kwake ni kwa nadra, hasa riva. Nadaiwa 12,000. Seti (karata tatu za namba moja, kama 7 zangu) si mkono wa kutupa hovyo, lakini kopa tatu ziko mezani. Mnahesabuje hapa?

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu, sahau kwanza jina la mkono wako. Anza na bei.

Mezani kuna 7,700 + 4,000 zako + 16,000 zake = 27,700. Wewe unatoa 12,000. 12,000 ÷ 39,700 = 30.2%. Ukishinda mara 31 katika 100 kukoli kunalipa, ukishinda mara 29 unapoteza. Njia ya mkato ukiwa mezani: 12,000 ÷ 27,700 = 0.43, yaani kwa kila michanganyiko 10 ya karata zake mbili inayokushinda unahitaji 4.3 unayoishinda.

Sasa kapu lake, yaani mikono yote anayoweza kuwa nayo. KK angeongeza tena kabla ya flopu, iondoe.

Flashi (karata tano za aina moja): kopa tatu ziko mezani, zimebaki 10. A yenye kopa nyingine inatoa 9, lakini A-Q na A-J mara nyingi huongezwa mapema, kwa hiyo 7. Ongeza Q-J, Q-8, J-8, 8-7, 8-6, 7-6, 6-5, 5-4 za kopa: 8. Jumla 15.
Streti (karata tano zinazofuatana): 8-6 za aina moja zisizo kopa, 3. Hizi zilikuwa zinasubiri pande zote mbili tangu flopu. Q-J na J-8 zisizo kopa zilikuwa zinasubiri 10 tu, na kulipa 2,300 kwa ajili hiyo ni ghali, nimeziacha.
Seti kubwa kuliko yako: 9-9 michanganyiko 3, 10-10 michanganyiko 3.

Zinazokushinda: 24.

Unazozishinda na ambazo zinaweza kuongeza: K-9 za aina moja 3, K-10 za aina moja 3, 2-2 michanganyiko 3. Jumla 9. Hata akiongeza zote tisa kila mara, 9 ÷ 33 ni 27.3%. Tupa.

Na mkwara (kuongeza bila mkono ili utupe) je? Hapo ndipo riva hii ilipokuumiza zaidi. Mkwara hutengenezwa na karata zilizosubiri zikakosa. Aliyesubiri flashi amepata, mwenye 8-6 amepata. Nani amebaki mikono mitupu?

---

KopaNaUru

@Hesabu_Kwanza hesabu nzuri ila umelibana kapu upande mmoja. Mtu wa kukoli aliye blaindi kubwa, akiongezewa 600 tu, hatupi K-10 wala K-9 za aina tofauti. K zimebaki tatu na 10 zimebaki tatu, kwa hiyo K-10 zote ni 9, si 3. K-9 vilevile 9. Sasa unazozishinda ni 9 + 9 + 3 = 21 dhidi ya 24. Hiyo ni 46.7%, na bei ni 30.2%. Kutupa seti hapo ni kugawa hela.

Halafu kuna suala la kujilinda. Anahatarisha 16,000 kushinda 11,700. Ukitupa zaidi ya 57.8% ya mikono uliyobeti riva, mtu yeyote anaweza kukuongezea na karata yoyote ile akapata faida. Lazima ubaki na 42.2%.

---

Hesabu_Kwanza

Hilo la K-10 na K-9 nakubali, nilizibana mno. Lakini hiyo 42.2% ni kinga dhidi ya mtu anayejua kupiga mkwara kwa kipimo. Huyu tumeambiwa haongezi. Na hata ukitaka kuitimiza, unaitimiza kwa kuanzia juu: flashi zako, kisha Q-J, kisha ndiyo uje kwenye seti.

---

Meza_ya_Tisa

Nyote wawili mmehesabu michanganyiko, hakuna aliyehesabu *mara ngapi*. Kuwa na K-10 ni jambo moja, kuiongeza hadi 16,000 wakati kopa tatu zimelala mezani ni jambo jingine. Mtu wa kukoli akiwa na jozi mbili hapo anakoli 4,000, anafunua, basi.

Tuseme flashi zote 15 anaziongeza kila mara. Zilizobaki, yaani streti na seti kubwa (9) pamoja na jozi mbili na 2-2 (21), anaziongeza mara moja katika nne, kwa sababu zote zinaogopa kopa kwa namna ileile. Zinazokushinda: 15 + 2.25 = 17.25. Unazozishinda: 5.25. 5.25 ÷ 22.5 = 23.3%. Tupa.

Akiziongeza nusu ya mara: 19.5 dhidi ya 10.5, yaani 35%. Koli.

Mpaka uko karibu na 38%. Kwa hiyo swali lote la mkono huu ni moja: je, huyu mtu akiwa na jozi mbili anaongeza riva zaidi ya mara 38 katika 100? Kwa maelezo ya mleta mada, hata 10 sidhani.

Angalizo kwa wanaopenda kusema "lakini flashi ndogo pia angekoli tu". Sawa, ziondoe, bakisha zenye A, Q au J: 10. Mpaka unashuka hadi kama 25%. Lakini ukishasema 5-4 ya kopa inaogopa kuongeza, huwezi tena kusema K-9 haiogopi. Watu wengi hukosea papo hapo: wanamfanya mpinzani mwoga akiwa na karata zinazowashinda, halafu jasiri akiwa na zile wanazozishinda. Woga wake uwe mmoja.

---

Batani_Saba

Nimeelewa. Maswali mawili: je, kosa lilikuwa kubeti 4,000 pale riva? Na angeongeza kiasi kingine, jibu lingebadilika?

---

Meza_ya_Tisa

Kubeti si kosa. K-Q ziko michanganyiko 12, K-J 12, pamoja na jozi mbili zote tulizozitaja; hizo ndizo zinazokulipa, na mtu wa kukoli hulipa. Ukicheki unaacha hela mezani. Ningeshusha hadi 2,500 au 3,000, maana kopa inatisha hata wenye K. Kosa ni kubeti bila kuwa umeshaamua utafanya nini akiongeza. Dhidi ya huyu, beti halafu tupa. Dhidi ya mtu mkali anayeweza kuchukua A ya kopa na 9 akaigeuza mkwara, jibu si rahisi hivyo, na kucheki huanza kuwa na maana.

Kuhusu kiasi:
hadi 9,000: unadaiwa 5,000, bei ni 19.5%
hadi 16,000: 30.2%
zote 36,200 alizobakiwa nazo: unadaiwa 32,200, bei ni 40.2%

Usiishie kwenye bei. Kiasi kinapopanda, jozi mbili zinatoka kapuni haraka kuliko flashi, kwa hiyo unaumia mara mbili. Kwenye 9,000 na 23.3% ileile, unakoli.

---

KopaNaUru

Naondoa koli yangu kwa mpinzani wa aina hii. Ila msomaji asiondoke akidhani seti hutupwa kila akiongezewa riva. Badilisha 10 ya kopa uweke 3 ya pau. Flashi zote 15 zimekosa, 8-6 imekosa, streti haiwezekani. Kinachokushinda ni 9-9 tu, michanganyiko 3. Hapo usikoli tu, tia zote.

---

Hesabu_Kwanza

Na aina za 7 zako zina uzito wake. Ungekuwa na 7 ya kopa badala ya shupaza, ungemzibia A-7, 8-7 na 7-6 za kopa: flashi zinashuka kutoka 15 hadi 12, na mpaka wa Meza_ya_Tisa unashuka kutoka 38% hadi kama 30%. Kwa huyu bado unatupa. Kwa mtu wa kawaida mwenye mkono mwepesi, hiyo 7 ya kopa yaweza kuwa ndiyo inayoamua.

Jambo la mwisho: kama hii ni mashindano na mmebaki wachache kabla ya nafasi za kulipwa, hiyo 30.2% haitoshi, kwa sababu chipu unazopoteza zina thamani kubwa kuliko unazopata. Kiasi gani cha kuongeza juu ya hiyo 30.2% kinategemea mitaji ya meza nzima na jedwali la zawadi. Weka hapa tuvipige.