Naomba ushauri: safari yangu ya kwanza ya kikazi nje ya nchi, na marafiki ninaowajua kwa mtandao tu

Mgeni Njiani (mwanzisha uzi)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba mnisome kwa subira, kwa kuwa jambo hili limenikaa moyoni kwa wiki mbili sasa na sina mtu wa karibu aliyewahi kulipitia.

Mimi ni dada wa miaka 29. Mwezi ujao mwajiri wangu ananituma nje ya nchi kwa siku tano za kazi, kushiriki majadiliano ya mkataba na kampuni inayotuuzia mitambo. Ni mara yangu ya kwanza kusafiri nje kikazi, na nitakwenda peke yangu. Katika mji huohuo wanaishi watu watatu ambao nimecheza nao sataranji kwa mtandao kwa zaidi ya miaka sita. Mchezo wetu si ule wa haraka: kila mmoja hupewa siku tatu za kufikiri kabla ya kusogeza kete, hivyo pambano moja huweza kuchukua miezi, na ndani ya miezi hiyo watu huandikiana mengi yasiyohusu mchezo.

Wa kwanza ni mama wa makamo. Nilipofiwa na baba, alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kwa wiki nzima, na hadi leo naukumbuka mlio wa birika lake likichemka nyuma ya maneno yake. Wa pili ni kijana mwalimu, ambaye tumezungumza kwa video mara nyingi. Wa tatu ndiye mkali kuliko sisi sote ubaoni, lakini sijawahi kumwona uso. Kila tukipanga mazungumzo ya video, kamera yake huwa imeharibika.

Mama huyu anasisitiza anipokee uwanja wa ndege na nilale kwake, ili fedha ya hoteli nifanyie mambo mengine. Yule wa tatu anataka tuonane wawili tu, nyumbani kwake, na ameniomba nimpelekee ndugu yake kifurushi kidogo nitakapokuwa narejea. Kazini sijamwambia mtu, kwa sababu nachelea kuonekana msichana aliyepewa safari akaigeuza matembezi. Je, nikutane nao? Nikikutana nao, iwe lini, na mkuu wangu wa kazi nimweleze nini?

Ramani Mkononi

Pole kwa msiba, dada. Naanza na huyo wa tatu kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiende, na kifurushi usikiguse. Mzigo ambao hukuufungasha kwa mikono yako mwenyewe huubebi kuvuka mpaka, hata aliyekuomba awe ndugu wa damu, kwa sababu kikikutwa ndani kitu cha haramu, atakayehojiwa ni yule ambaye begi lina jina lake. Miaka sita ya kusogeza kete imekuonyesha namna anavyofikiri ubaoni, lakini haijakuonyesha ni nani. Mtu anayeona aibu kujitokeza kwenye kamera namwelewa, wapo wengi na wana sababu zao. Ila anayeogopa kuonekana kwenye video, kisha akataka uingie nyumbani kwake peke yako, maombi yake mawili hayaendani.

Jioni ya Pili

Mdogo wangu, nakusimulia yaliyonipata mimi katika safari yangu ya kwanza, kwa sababu naona wengi watakuonya juu ya matapeli na kusahau hatari ambayo mimi niliingia nikiwa na marafiki wema kabisa.

Nilitumwa kwa siku nne kuonana na mteja mkubwa. Jioni ya pili wenyeji wetu walinialika kula nao. Mimi nilikuwa nimekwisha kuahidiana na marafiki wanne wa mtandaoni, watu ambao tulikuwa tukisahihishiana hadithi kwa miaka mingi, na nilikuwa na shauku ya kuwaona kiasi kwamba sikulipima jambo. Niliwaambia wenyeji kwamba safari imenichosha na kwamba ningependa kulala mapema. Nikaenda kwa marafiki, tukacheka hadi machozi, na sitasema kwamba jioni ile haikuwa nzuri. Kabla hatujaagana mmoja wetu alipiga picha akaiweka mtandaoni akitaja jina langu na mahali tulipo. Nilikuwa bado nimevaa shingoni kitambulisho cha mgeni nilichopewa na mteja, na nembo yao ilisomeka vizuri.

Asubuhi yake mwenyeji wangu aliniuliza kwa upole kama nililala salama. Nilijua kutokana na macho yake kwamba picha ameiona. Hakunigombeza, na mkataba haukuvunjika, lakini kuanzia saa ile maneno yake kwangu yakawa machache na ya kupimwa. Nililolitambua baadaye ni kwamba ule mwaliko ulikuwa sehemu ya kazi: mambo mengi ambayo watu hawayasemi kwenye meza ya majadiliano huyasema jioni, wakiwa wamelegeza tai, na mimi niliyakosa.

Kwa hiyo, usiahidi jioni yoyote mpaka uwe na ratiba ya wenyeji mkononi, na uwaulize waziwazi kama wana mpango wowote baada ya saa za kazi. Ukikutana na marafiki, kitambulisho na kompyuta ya ofisi vibaki hotelini, jina la mteja lisitajwe, wala bei mnazojadiliana, na waombe mapema kwamba picha zisiwekwe popote hadi utakapokuwa umerudi. Rafiki wa kweli atakuelewa.

Mgeni Njiani

Ahsante, dada yangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kwa kweli sikuwa nimefikiri kabisa kwamba jioni nazo zaweza kuwa za mwajiri. Kuhusu kifurushi, nimekwisha kumwandikia kwamba sitaweza. Alisoma na hajajibu. Bado mama wa birika ananisumbua akili. Kumkatalia malazi naona kama kumkosea heshima mtu aliyenishika mkono nikiwa na huzuni.

Dawati la Utumishi

Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, na maombi ya safari hupitia mezani kwangu, kwa hiyo naomba nilitazame suala la malazi kutoka upande wa mwajiri. Hoteli uliyopangiwa ni zaidi ya kitanda. Mara nyingi anwani yake ndiyo iliyoandikwa kwenye maombi ya viza au kwenye barua ya mwaliko, nayo ndiyo utakayoulizwa na afisa wa uhamiaji. Na likitokea lolote usiku, iwe tetemeko, ghasia au ugonjwa, ofisi itakutafuta hapo. Tangu 2021 kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 31030, kinachoyaelekeza mashirika namna ya kusimamia hatari za safari za watumishi wao, na shirika linalojali haliwezi kutimiza wajibu huo kama halijui ulipolala. Vilevile, fedha iliyotolewa kwa ajili ya hoteli ikitumika kwa jambo jingine, wakati wa kufanya marejesho utatakiwa kutoa stakabadhi ambayo hutakuwa nayo.

Kwa mama yako sema ukweli huohuo: kwamba mwajiri amekupangia pa kulala na huna ruhusa ya kuhama. Hilo halimvunjii heshima.

Kuhusu kumweleza mkuu wako, mweleze, tena kabla ya tiketi kukatwa. Omba siku moja au mbili za likizo mwishoni mwa safari, ukieleza kwamba gharama za siku hizo, pamoja na ongezeko lolote la nauli, utazibeba mwenyewe. Uliza kama bima ya safari inaendelea kukulinda katika siku hizo, kwa kuwa bima nyingi za mwajiri huishia pale kazi inapokwisha, na kama ni hivyo nunua ya kwako. Kisha hesabu siku za viza yako kwa uangalifu. Katika nchi za Schengen, kwa mfano, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Nakuhakikishia kwamba ombi kama hili halijawahi kunifanya nimwone mtu mzembe. Kinachotutia shaka ni kuyasikia mambo haya kutoka kwa wengine.

Mvuka Mipaka

Naafikiana na waliotangulia isipokuwa kwa jambo moja. Ukiacha kila kitu hadi mwisho, waweza usiwaone kabisa. Mimi nilifanya hivyo. Kazi ikarefuka kwa siku moja, ndege haikuweza kubadilishwa, na rafiki niliyemjua kwa miaka minane nilizungumza naye kwa simu nikiwa umbali wa vituo vitatu vya treni kutoka kwake. Hadi leo inaniuma. Ushauri wangu ni kwamba upange muda mfupi wa saa moja katikati ya safari, jioni ambayo umethibitisha kuwa haina mwaliko, kisha siku ya mwisho iwe ya kukaa kwa nafasi.

Usiku wa kwanza uache kabisa. Mwili huzoea tofauti ya saa kati ya nchi na nchi kwa takriban saa moja kila siku, na kwa watu wengi kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko kuelekea magharibi, hivyo siku ya kwanza hutakuwa na akili ya kufanya uamuzi wowote wa maana.

Mkutane mchana au jioni mapema, mahali penye watu, uende na urudi kwa usafiri wako mwenyewe, na namba ya chumba ibaki siri yako. Mtu mmoja nyumbani ajue uko wapi: ukimtumia mahali ulipo moja kwa moja kwa WhatsApp, unaweza kuchagua dakika 15, saa moja au saa nane, na saa nane zinakutosha kabisa. Weka pia kwenye simu namba ya dharura ya nchi unayokwenda, kwa sababu hazifanani. 112 hufanya kazi katika Umoja wa Ulaya wote, lakini kwingine ni 911, 999 au nyingine kabisa. Na mnapopatana saa, andikeni kwa mtindo wa saa 24, kwani saa mbili yetu na saa mbili ya mgeni zimekwisha kuwapotezea watu wengi miadi.

Mgeni Njiani

Ndugu zangu, narudi na majibu. Leo asubuhi nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Aliuliza maswali mawili tu, kama watu hao wana uhusiano wowote na kampuni tunayojadiliana nayo, na kama nimewahi kuwaona kwa video. Nilijibu kwamba hawana uhusiano, na kwamba nitakaokutana nao ni wawili ambao nawafahamu kwa sura na sauti. Amenipa siku moja ya likizo baada ya kazi, na mtu wa bima anaandaa nyongeza ambayo nitailipia mwenyewe. Yule wa tatu amejitoa katika pambano letu bila neno, akiwa na nafasi nzuri ya kushinda. Nimehuzunika, ila sitamfuata.

Mama nilimwandikia kwa kirefu, nikiogopa kila sentensi. Alinijibu kwa sauti, birika likichemka kama kawaida: alisema kwamba angekuwa na binti anayesafiri peke yake, angemkataza kulala kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Tumekubaliana tuonane Jumatano saa 17:30 mbele ya maktaba ya mji, pamoja na mwalimu, kwa saa moja. Atakuja na ubao wa mbao, na ameniomba nisifikirie kete yangu inayofuata hadi nitakapokuwa nimeketi mbele yake.