Tojo alipataje uwaziri mkuu bila mapinduzi wala kura?

Mwalimu wa Nakuru: Hamjambo ndugu zangu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza jana jinsi Hideki Tojo, mwanajeshi asiyewahi kuwania kiti chochote, alivyopata kuiongoza Japani. Nilibabaika.

Msomaji, Kisumu: Mwalimu, jibu limo katika kanuni iliyorejeshwa mwaka 1936, iliyotaka waziri wa jeshi la nchi kavu na mwenzake wa jeshi la majini wawe maofisa walio kazini, hivi kwamba jeshi likikataa kutoa mtu, serikali haiundiki; ndivyo wanajeshi walivyopata nguvu juu ya serikali. Tojo, mwana wa mwanajeshi, alizaliwa Tokyo mwaka 1884, akaongoza polisi wa kijeshi Manchuria (kaskazini-mashariki mwa China), akawa waziri wa jeshi la nchi kavu mwaka 1940, na Oktoba 1941 Mfalme Hirohito akamteua waziri mkuu baada ya mtangulizi wake, Konoe, kujiuzulu. Walimwita Wembe, na jina halikumkosea.

Mjukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), Kakamega: Naongeza kwamba kuanzia Februari 1944 alikuwa pia mkuu wa majeshi ya nchi kavu, uwaziri mkuu, uwaziri wa jeshi na ukuu huo vyote mkononi mwa mtu mmoja. Saipan, kisiwa cha Pasifiki kilichoshikwa na Japani, kilipotekwa na Wamarekani Julai, wakubwa wenzake wakamlazimisha kujiuzulu. (Babu yangu alipigana Burma, kikombe chake cha bati, kilichobonyea ukingoni, bado tunacho.)

Mwalimu wa Nakuru: Ahsanteni sana. Aliishia wapi?

Msomaji, Kisumu: Septemba 1945, Wamarekani walipokuja kumkamata, alijipiga risasi kifuani; wakamtibu akapona, akashtakiwa kwa uhalifu wa kivita, naye akanyongwa tarehe 23 Desemba 1948.