Tupeane uzoefu: picha za sura kwa mwanga wa jua, fokasi ilikukimbia wapi?

Hereni Kali (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka wa pili na kamera ya mtumba, lenzi ya 50mm f/1.8 (hiyo f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), flashi sina. Naanza na aibu yangu ili msione haya kuleta zenu.

Send-off ya binamu yangu, Tabata. Katoka saluni, nikamtoa uani saa saba mchana, mwanzoni mwa Machi. Akili yangu ilikuwa jua kali ndiyo picha kali. Kwenye kioo kidogo cha kamera mambo safi kabisa. Nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta: macho mashimo mawili meusi, chini ya pua kivuli kama masharubu, paji la uso linameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Siku zile Dar jua la mchana linakaa karibu utosini kabisa, nyusi zinageuka kuwa paa la macho.

Hapo bado. Fokasi ilishika hereni! Shanga za hereni unazihesabu moja moja, jicho ukungu. Niliiachia kamera ijichagulie kati ya vinukta vyake 9, ikachukua kilicho karibu nayo zaidi. Bi harusi mtarajiwa akaziangalia zote, kisha akasema, "Kaka, hereni zimependeza."

Tangu siku hiyo natumia kinukta kimoja, nakiweka kwenye jicho lililo upande wa kamera. Leteni zenu.

Binti wa Barazani
Mie nipo Unguja, watu wangu nawapigia mlangoni. Mtu akae hatua moja ndani, uso auelekeze nje, nawe usimame kando usimzibie mwanga. Asubuhi moja bibi yangu kakaa barazani, kivulini, jua limepiga ukuta mweupe wa jirani ng'ambo ya kichochoro. Ukuta ule ndio ukawa taa. Ndani ya kila jicho pana kijidirisha cheupe, mikunjo yote ipo lakini imelala. Bibi kaiangalia sana, kisha kanambia, "Mjukuu wangu, hapa nimekuwa mama."

Nikaona nishaweza. Wiki ya pili nikampiga shoga yangu pembeni ya ukuta wa kijani. Uso wote kijani, utasema ana homa ya wiki nzima. Ukuta unarudisha mwanga pamoja na rangi yake, hilo sikuambiwa na mtu.

Kameraman wa Mtaa
Yangu ni nikahi ya kaka. Kanzu nyeupe, ukuta mweupe, bwana harusi mweusi kama mimi. Kanzu imetoka safi, uso umezama gizani. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, anayeumia ni mwenye uso. Siku hizi napima mwanga usoni pake, naufunga, ndipo narudi nyuma kupiga. Kanzu ikiungua kidogo kwa mwanga potelea mbali, watu hawaji kuangalia kanzu.

Mama Mapacha
Mimi nina simu tu. Futa lenzi kwanza, hiyo simu imeshinda kwenye mkoba na mafuta ya nazi. Kisha bonyeza usoni mpaka ijifunge, shusha kile kijijua cha kupunguza mwanga. Ile ya kuweka ukungu nyuma nimeiacha, ilimnyoa mwanangu afro upande mmoja.

Mvuvi wa Picha
Salamu kutoka Kisumu. Jameni, hiyo f/1.8 mnaiabudu bure. Nilipiga dada wawili, mmoja nusu hatua nyuma ya mwenzake. Wa mbele msafi, wa nyuma akaniuliza, "Na mimi ulinifuta?" Kwa kamera zenye kihisi kidogo kama hizi zetu na lenzi ya 50mm, ukisimama mita 1.5 na f/1.8, sehemu iliyo safi ni sentimita 6 hivi. Mtu akipumua tu ashatoka. Rudi mita 2.5, weka f/5.6, unapata kama nusu mita. Ndiyo, kivulini itabidi upandishe ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), chembechembe zitaingia. Mimi afadhali chembechembe kuliko dada kununa.

Na kwa wanaosema bila vifaa haiwezekani: Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio yake 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, shuka la kitanda likiwa pazia la nyuma. Picha zake hadi leo zinaning'inia kwenye makumbusho.

Kameraman wa Mtaa
Nyongeza kwa wa Dar: mnaokwenda Coco Beach kupiga jua likizama baharini, mtasubiri sana. Bahari iko mashariki pale. Nilimpeleka mteja, tumekaa mpaka mbu wametufukuza. Na huku kwetu jioni jua linadondoka haraka, ule mwanga wa dhahabu ukijibu meseji mbili umekwisha.

Hereni Kali
Asanteni, wakuu. Binamu amekubali turudie Jumamosi, saa kumi na moja jioni, uani palepale. Ila ukuta wetu ni wa bluu iliyokolea. Niufunike kwa shuka jeupe?

Binti wa Barazani
Funika, ila shuka likae upande aelekezao uso, si nyuma yake. Na hereni avae zilezile, ndizo ulizozipatia.